Magurudumu Ishirini na Manne

Tulikuwa watano juu ya tuta la Bierset,
upande wa uwanja ambako upepo hupiga usoni
ukinuka mafuta ya taa na viazi vya kukaanga.
Ghislaine, mpeleka barua mstaafu, kaja na ngazi yake ya aluminiamu.
Lambert na lenzi ndefu kama mguu wa mtoto,
na redio inayokoroma Kiingereza cha marubani.
Ysaline kavaa kofia ya babu yake.
Firmin, mikono mfukoni,
kamera ikining'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe.

Mimi nilikuwa na gimbali mpya.
Akiba ya miezi saba, bado inanukia boksi:
mpini, vikono vitatu, mota tatu
zinazovuma zikiamka, nyuki ndani ya kopo.
Yumba, tetemeka, piga chafya,
kamera juu yake haina habari.
"Umenunua shingo ya kuku," alisema Lambert.
Tukacheka. Lakini kweli:
mshike kuku kiwiliwili, umpeleke huku na huku,
kichwa hubaki palepale hewani
kama kimepigiliwa msumari.

Wenzangu ni watu wa picha mnato.
Kwao sekunde hukatwa vipande elfu, ukachagua kimoja.
Mimi nataka mwendo.
Nataka vile kitu cha tani mia tatu
kinavyositasita juu ya lami
kama mgeni mlangoni asiyejua avue viatu au asivue.

Saa nane na robo redio ikaitaja Antonov.
"Huyo," alisema Ghislaine, kana kwamba ni shemeji yake.
Kwanza taa, ndani ya ukungu wa bonde la Meuse,
hazisogei. Ndilo linalotisha:
ndege kubwa haiji. Inakua tu.
Nikaifuata kwa kidole gumba, polepole, pumzi nimeibana,
tumbo jeupe lenye viraka,
injini nne zikilia kama msumeno uliokwama kwenye gogo,
na magurudumu yale ishirini na manne
niliyoyahesabu vitabuni tangu utotoni,
sasa nayahesabu kwa macho, nimefika kumi na moja

ikapita.

Upepo wake ukatushukia baadaye,
kofi la mtu aliyefikiri kwanza.
Ngazi chini. Kofia ya babu ikavuka uzio, ikaingia Ulaya ya forodha.
Na gimbali yangu, ile isiyojua chafya,
ikapandwa na wazimu, mota zikalia,
kamera ikapinduka, ikaupa uwanja mgongo.

Usiku, jikoni, nikaangalia.
Ndege: sekunde tisa.
Kisha mawingu, nyasi, kidole changu,
halafu utulivu, laini kama maziwa,
wa nyuso zao.
Ghislaine kinywa wazi kama anayepokea komunyo.
Lambert ameishusha lenzi, anapunga mkono.
Lambert! Miaka sitini na minane, anapunga!
Na nyuma yao Firmin,
peke yake asiyeitazama ndege.
Anatazama nyasi, anasogeza kokoto kwa ncha ya kiatu
kama mtu aliyeangusha sarafu.

Nikaisimamisha picha.
Aliwahi kuniambia, mara moja tu,
tukingoja mvua ndani ya gari lake:
kelele zilipozidi serikali ilinunua mtaa mzima, ikaubomoa,
na jiko la mama yake lilikuwa hapa,
"hapahapa, Ghislaine husimamisha ngazi kwenye sinki."
Nilidhani anatania.

Asubuhi wote wakaiomba video.
Niliwatumia zile sekunde tisa.
Firmin nikampa yote, bila neno.
Alijibu jioni:
"Hapo nilipo ni mlangoni. Sinki ni kushoto zaidi."

Jumamosi niliwahi kufika kabla yao.
Nikapanda tuta, gimbali mkononi, imezimwa,
nikazikanyaga nyasi zile kwa ncha za vidole,
kama mtu anayepita sakafuni
pametoka kupigwa deki sasa hivi.